Nachukia mabango ambayo wenzangu wanayasifia: jicho langu ndilo lenye kasoro?

"Nimeajiriwa karibuni katika kitengo cha mawasiliano. Kila nikifungua simu nakutana na mabango yanayosifiwa: herufi zimevutwa kama mpira, maneno yamekatwa ukingoni, nyekundu juu ya buluu mpaka macho yanauma. Wenzangu wanasema 'kali sana'. Mimi nakereka. Halafu kuna nembo niliyoichukia mwaka jana ambayo sasa naipenda, kwa hiyo hata hisia zangu siziamini tena. Baada ya wiki mbili tutaletewa mapendekezo ya utambulisho mpya wa taasisi yetu, na bosi anataka maoni yangu kwa maandishi. Nikisema sipendi nitaonekana mshamba, nikisema napenda nitakuwa nadanganya. Je, jicho langu lina kasoro, au hawa wabunifu wanatuchezea shere?"

Ndugu yangu, umefunga mambo matatu kwa kamba moja: macho yanayouma, chuki iliyogeuka kuwa mapenzi, na karatasi unayotakiwa kuiandika. Kila moja lina asili yake, ndiyo maana ukiyachanganya unaishia kujishuku. Kukereka si dalili ya jicho bovu. Wala wabunifu wengi hawakuchezei shere, ingawa wapo wanaochezeana wao kwa wao, na hao nitawafikia.

Tuanze na maumivu, kwa sababu hayo si suala la ladha hata kidogo. Lenzi ya jicho hupinda mwanga wa buluu zaidi ya inavyopinda mwekundu. Rangi hizo mbili zikikaa bega kwa bega zikiwa zimekolea, jicho haliwezi kuzilenga zote kwa wakati mmoja. Likishika nyekundu, buluu inatia ukungu, na likishika buluu, nyekundu inakimbia. Watu wengi huona nyekundu imeelea mbele ya buluu, wachache huona kinyume chake. Juu ya hapo kuna suala la mng'ao. Sehemu ya ubongo inayotuambia kitu kiko wapi na kinasogea vipi hutegemea zaidi tofauti ya mwanga na giza kuliko tofauti ya rangi. Rangi mbili zikikaribiana mng'ao, hata kama moja ni nyekundu na nyingine ni kijani, ubongo unajua kuna herufi lakini unashindwa kuiweka mahali pamoja. Ndiyo ile hali ya maandishi kutetemeka.

Hili lina kipimo. Miongozo ya ufikivu wa wavuti iitwayo WCAG hupima uwiano wa mng'ao kuanzia 1 kwa 1, yaani rangi mbili zenye mng'ao sawa, hadi 21 kwa 1, yaani nyeusi juu ya nyeupe. Maandishi ya kawaida yanatakiwa yafike angalau 4.5 kwa 1. Maandishi makubwa, kuanzia pointi 18 (pointi ni kipimo cha ukubwa wa herufi), au pointi 14 zilizokolezwa, yanaruhusiwa 3 kwa 1. Nyekundu kamili ya skrini juu ya buluu kamili inatoa takriban 2.15 kwa 1. Kwa hiyo jicho lako lilipolalamika lilikuwa linasoma kipimo sahihi bila kifaa.

Ila usikimbilie kusema mbunifu amekosea. Mbinu hii ni ya zamani kuliko simu zetu. Katika miaka ya 1960 huko San Francisco, mabango ya muziki yalitumia mitetemo hiyo makusudi. Victor Moscoso, mmoja wa waliosifika kwayo, alikuwa amesomea rangi chini ya Josef Albers katika Chuo Kikuu cha Yale, kwa hiyo alijua kanuni aliyokuwa akiivunja. Bango lile lilitaka usimame, ukunje uso, uhangaike. Kwa tamasha la muziki hilo linakubalika, kwa sababu anayehangaika kulisoma ndiye anayetafutwa. Rangi hizohizo ukizipeleka kwenye kibao cha kuelekeza wagonjwa zinakuwa uzembe. Basi kabla ya kuuliza kama rangi ni mbaya, uliza mateso yale yana faida gani kwa kazi iliyokusudiwa.

Herufi zilizovutwa nazo zina habari yake. Mwezi Septemba 2016 kampuni za Adobe, Apple, Google na Microsoft zilitangaza kwa pamoja aina mpya ya fonti inayobadilika: faili moja lenye uwezo wa kunenepa, kukonda, kutanuka na kubana kwa kusogeza kitelezi. Kazi iliyokuwa ikihitaji mafaili kumi na zaidi ikawa mchezo wa kidole, na kila zana mpya inapoingia mjini watu huicheza mpaka iwachoshe. Sehemu kubwa ya mvuto huo unaouona leo imetokea hapo.

Lakini kuna kuvuta na kuvuta, na hapa unaweza kujifunza kuona jambo ambalo wanaosema "kali sana" mara nyingi hawalioni. Tazama herufi H kubwa. Ina nguzo mbili za wima na kipande kimoja cha kulala katikati. Ukiivuta kwa pembeni mara mbili kwa nguvu ya programu tu, nguzo zinanenepa mara mbili, lakini kile kipande cha kulala kinabaki na unene uleule. Sasa tazama O: mbavu zake zimevimba, juu na chini pamesinyaa. Katika fonti iliyochorwa iwe pana, mchoraji amerudisha uzani mahali pake, nguzo na kipande cha kulala vinaelewana, na O imebaki na mviringo unaopumua. Ukiona H ya kwanza, jiulize swali moja: je, uvimbe huo umerudiwa kwa nidhamu bango zima, au umetokea kwenye mstari mmoja tu kwa sababu neno lilikuwa halijazi nafasi? Ukirudiwa, huo ni uamuzi. Ukitokea mara moja pembeni, huko ni kubanana.

Vivyo hivyo na vile vijipengo vinavyochongwa kwenye maungio ya herufi, ambavyo nina hakika utaviona kwenye mojawapo ya mapendekezo mtakayoletewa. Vilikuwa na kazi. Matthew Carter alipochora fonti ya Bell Centennial kwa ajili ya vitabu vya namba za simu vya kampuni ya simu ya AT&T, iliyokamilika mwaka 1978, maandishi yalikuwa madogo mno, karatasi hafifu, na mitambo ya uchapaji ikienda kasi. Wino ulikuwa unatambaa na kujaza pembe. Akazikata pembe mapema, ili wino ukitambaa uzijaze na herufi itoke nzima. Leo vijipengo hivyo vinawekwa kwenye herufi za urefu wa nusu mita, au kwenye skrini isiyo na wino kabisa. Ni pambo linalokumbuka kazi, kama vifungo vya mikono ya koti visivyofungua chochote. Unaweza kulipenda au kutolipenda pambo hilo, lakini mbunifu akikwambia limewekwa "kwa usomekaji" kwenye nembo ya ukutani, muombe aoneshe.

Sasa wale wanaochezeana wao kwa wao. Mabango mengi yanayozunguka mitandaoni hayajawahi kubandikwa popote. Ni mazoezi, ni kazi za wanafunzi, ni salamu kutoka kwa mbunifu kwenda kwa wabunifu. Kazi yake ni kuzuia kidole kisipite, na kwa kidole kinachopita kasi, neno lililokatwa ukingoni linafanya kazi vizuri: jicho linataka kulimalizia, na katika kulimalizia linasimama. Hapo huwezi kulipima bango kwa swali la "mbona tarehe haionekani", kwa sababu pengine hakuna tukio wala tarehe. Kosa linaanza mtu anapochukua lugha ya uwanja huo na kuipandisha juu ya tangazo la chanjo. Binafsi naona kosa hilo limekuwa la kawaida kupita kiasi, na sehemu ya kero yako huenda inatoka huko: unaona nguo za arusini zikivaliwa shambani.

Nije kwenye nembo uliyoichukia ukaja kuipenda. Mwaka 1968 mwanasaikolojia Robert Zajonc alichapisha majaribio ambamo watu walioneshwa maneno na alama wasizozijua, nyingine mara moja, nyingine hadi mara 25. Walizoziona mara nyingi ndizo walizozipenda zaidi, bila kupewa sababu yoyote ya kuzipenda. Kitu tulichokwisha kukiona kinachakatwa kwa wepesi, na wepesi huo tunauhisi kama uzuri. Kwa hiyo ulipobadilika hukuwa kigeugeu. Ubongo wako uliacha kulipa ushuru wa ugeni.

Alama ya Nike ilichorwa mwaka 1971 na mwanafunzi Carolyn Davidson kwa malipo ya dola 35, na Phil Knight, mwanzilishi mwenza wa Nike aliyeinunua, hakuipenda sana, alitarajia tu kwamba angeizoea. Nembo ya Michezo ya Olimpiki ya London 2012, iliyobuniwa na kampuni ya Wolff Olins kwa paundi 400,000, ilipozinduliwa Juni 2007 ilipokewa kwa kejeli na maelfu ya watu wakasaini kuipinga. Haikubadilishwa, na kufikia wakati wa michezo ilikuwa imeshika kila kona.

Hapo wabunifu wengi huishia, wakimwambia mteja: subiri, mtazoea. Usiwaachie. Mazoea yanapunguza ugeni tu, hayatengenezi kilichovunjika, na kitu ulichokichukia kwa sababu ya msingi kinaweza kukuchosha zaidi kadiri unavyokutana nacho. Mwanzoni mwa 2009 juisi ya Tropicana ilibadilishiwa paketi huko Marekani. Lile chungwa lililochomekwa mrija, ambalo wanunuzi walikuwa wakilitafuta kwa macho rafuni, likaondolewa. Mauzo yaliripotiwa kushuka kwa takriban asilimia 20 ndani ya wiki chache, na kabla ya miezi miwili kuisha kampuni ikatangaza kwamba paketi ya zamani inarudi. Malalamiko hayo, tofauti na ya London, yalikuwa na kazi iliyoharibika ndani yake: mtu alikuwa akisimama mbele ya rafu na hakioni kinywaji chake. Nembo mpya ya Gap, kampuni ya mavazi ya Marekani, ya Oktoba 2010 nayo iliondolewa ndani ya takriban wiki moja, ila pale sijashawishika kwamba ilikuwa imepata nafasi ya kupimwa. Haikuwa na kosa kubwa la kiufundi. Ilikuwa tu haina sababu ya kuwepo, na watu waliihisi hivyo.

Sasa wiki zako mbili. Mapendekezo yakifika, yatazame kwa sekunde tano kila moja kabla hujasikia maelezo ya wabunifu, kisha ufunike na uandike: neno moja la hisia, na mahali jicho lilipotua kwanza. Usilisafishe neno hilo. Kama ni "kichefuchefu", andika kichefuchefu. Ukisikia maelezo kwanza umeshapoteza jibu hilo, na halirudi, kwa sababu maelezo mazuri hupamba hata nembo mbovu, na wananchi watakaokutana nayo barabarani hawatasomewa maelezo.

Kisha eleza unachokiona bila sifa yoyote. "Mduara umekatwa theluthi ya juu. Herufi tatu, zote ndogo. Nafasi kati ya ya kwanza na ya pili ni nusu ya nafasi kati ya ya pili na ya tatu." Sentensi nane au kumi za namna hiyo. Zoezi hili linachosha, na ndilo lenye faida kuliko yote, maana mara nyingi ukifika sentensi ya sita sababu ya kukereka kwako inajitokeza yenyewe. Nafasi zisizolingana, kwa mfano, hukera watu ambao hawajui hata kwamba wameziona.

Baada ya hapo pima. Punguza nembo mpaka pikseli 16 kwa 16, ukubwa wa alama ndogo kwenye kivinjari. Ikigeuka doa, uliza kama lipo toleo rahisi. Igeuze iwe nyeusi na nyeupe, kwa sababu mihuri na nakala za fotokopi hazitakuomba ruhusa. Bango la A2 lichapishe kwenye A4 na ulitazame ukiwa mita moja. Kwa kuwa vipimo vya A4 ni nusu ya A2 kwa urefu na kwa upana, utaona kile atakachokiona mtu aliye mita mbili. Kwa mabango ya nje, kanuni ya mafundi ni takriban milimita 25 za urefu wa herufi kwa kila mita 3 za umbali, kama unataka msomaji asome kwa raha. Rangi za maandishi zipitishe kwenye kikokotoo cha uwiano. Kijivu chenye msimbo #767676 juu ya nyeupe kinapita kwa shida, 4.54 kwa 1. Kijivu #999999, ambacho wabunifu wanakipenda kwa sababu kinaonekana cha kistaarabu, kinaanguka kwenye 2.85.

Halafu ondoka. Bandika mapendekezo mahali unapopita kila siku, pembeni ya mlango badala ya mbele ya meza, na urudi kuandika upya baada ya siku tatu na tena siku ya kumi. Kilichoyeyuka kilikuwa ugeni. Kilichobaki palepale, au kilichoongezeka, ndicho cha kuandikia.

Katika kuandika, tofautisha waziwazi kinachoshindwa kazi na kisichokupendeza. Badala ya "rangi hizi mbaya", andika: "Jina la idara ni jekundu juu ya buluu, uwiano 2.15 kwa 1. Kwa mita 3 linatetemeka, na watu wawili kati ya watano niliowaonesha walilisoma vibaya. Napendekeza jina liwe jeupe na nyekundu ibaki kwenye umbo." Kisha aya nyingine: "Herufi zilizopanuliwa hazinivutii, lakini zimechorwa vizuri, zinasomeka, na zinatutofautisha na taasisi nyingine. Sipingi." Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo itakayowafanya waamini ile ya kwanza. Hakuna anayemwita mshamba mtu anayesema "sikipendi, ila kinafanya kazi", na hutakuwa umedanganya. Tena usijilazimishe kuishia kupenda. Ukielewa kitu vizuri na bado hukitaki, hiyo sasa ni ladha yako, na unayo haki ya kuitetea kama mtu mwingine yeyote.

Baadhi ya mambo hayamalizwi kwa kuangalia skrini peke yako. Hao watu watano waketishe ana kwa ana, mmoja mmoja, wasiwe wa kitengo chako, na usiwaulize kama wanapenda. Wape kazi: "Niambie tukio ni lini na wapi," halafu nyamaza uangalie macho yao yanahangaika wapi. Mmoja awe mtu mwenye uoni hafifu au asiyetofautisha rangi vizuri. Kwa watu wenye asili ya Ulaya ya Kaskazini hali hiyo ya rangi humpata takriban mwanamume 1 kati ya 12, kwingine huwa pungufu, na baadhi yao huona nyekundu imefifia kiasi kwamba juu ya nyeusi inapotea kabisa. Nenda pia kwa mchapaji ukiwa na kazi mkononi. Kijani kile cha kuwaka kinachong'ara kwenye simu hakipatikani kwa wino nne za kawaida. Kitatoka kimepooza, na hisia zako zote zitakuwa za kitu ambacho hakitachapishwa. Muombe prufu, yaani nakala ya majaribio, kwenye karatasi itakayotumika, na uitazame mchana karibu na dirisha.

Na macho yako mwenyewe yakaguliwe. Nyekundu juu ya buluu huwasumbua watu wengi, lakini ukiona herufi za kawaida, nyeusi juu ya nyeupe, zinatetemeka au kuwa na kivuli pacha, au maandishi meupe juu ya nyeusi yanasambaa kama yamelowa, hilo si la wabunifu. Astigmatizimu, yaani kasoro ya mpindo wa jicho, hufanya hivyo, na miwani sahihi huirekebisha. Mistari myembamba iliyosongamana ikikuletea kipandauso, mwambie daktari. Kwa dizaini zenye mwendo uwe mkali zaidi: kitu kisimwekemweke zaidi ya mara 3 ndani ya sekunde moja. Ile nembo ya London ilipozinduliwa, sehemu ya filamu yake ya matangazo ilibidi iondolewe mtandaoni baada ya kuripotiwa kwamba iliwaletea kifafa baadhi ya watazamaji. Mtu akipoteza fahamu au kukakamaa mbele ya picha za namna hiyo, apelekwe hospitali. Na mapendekezo yenu yakija na uhuishaji, hesabu hiyo ifanyike kabla hata hujafikia kuuliza kama unaupenda.